Kadi inanirudishia asilimia 5, lakini duka la pili lina bei ya chini: ninunue wapi?

Swali: “Mimi na mume wangu tunaishi Columbus, Ohio, na tuna watoto watatu. Nina kadi tatu za mkopo. Ya kwanza ni ya duka moja kubwa, na hunirudishia asilimia 5 ya kila ninachonunua hapo. Ya pili hurudisha asilimia 2 popote ninapolipa. Ya tatu hurudisha asilimia 6 kwenye supamaketi, lakini ina ada ya dola 95 kwa mwaka. Sasa friji yetu imekufa. Kwenye duka la kadi yangu friji tunayoitaka inauzwa dola 1,080, na kwenye duka la pili friji hiyohiyo ni dola 1,020. Mimi naona kwamba nikirudishiwa dola 58 tofauti inakuwa karibu imekwisha, hivyo afadhali ninunue nilikozoea. Mume wangu anasema zawadi za kadi zinaniendesha. Mabishano haya huwa nayo pia tunaponunua chakula cha nyumbani. Tafadhali tuamulie.”

Jibu: Dada yangu, kwa friji hii shemeji yuko sahihi, na yuko sahihi kwa dola 28 na senti 51. Kwa upande wa chakula jibu ni refu zaidi, na sehemu yake inakupa haki wewe. Naomba nianze na friji, kwa kuwa hesabu yake ukiishika utaitumia kwa karibu kila kitu kingine mtakachonunua.

Tuchukulie kwamba kodi ya mauzo ni asilimia 8. Kwenye duka la kwanza friji ya dola 1,080 inafika dola 1,166.40 mnapolipa, kadi inarudisha asilimia 5 ya jumla hiyo, yaani dola 58.32, na gharama yenu halisi inabaki dola 1,108.08. Kwenye duka la pili friji ya dola 1,020 inafika dola 1,101.60 pamoja na kodi, na ukilipa kwa ile kadi yako ya asilimia 2 unarudishiwa dola 22.03, kwa hiyo friji inawagharimu dola 1,079.57.

Hesabu yako ilipotea njia mahali pawili. Kwanza, ulihesabu zawadi ya kadi juu ya jumla yenye kodi, lakini tofauti ya bei ukaihesabu bila kodi. Bei ikishuka kwa dola 60, kodi nayo inashuka, na tofauti ya kweli kati ya maduka haya mawili ni dola 64.80. Pili, na hili ndilo kosa ninaloliona katika maswali mengi ya aina hii, uliipa kadi ya duka la kwanza sifa ya asilimia 5 zote, kana kwamba kwenye duka la pili ungelipa kwa njia isiyorudisha chochote. Wewe una kadi ya asilimia 2 mkobani. Asilimia 2 hizo unazo kila mahali, hata ukienda kununua viatu au dawa, na kwa sababu hiyo kadi ya asilimia 5 inakuongezea 3 tu juu ya ulichokuwa nacho tayari. Katika friji hii zawadi ya dola 58.32 inaizidi ile ya dola 22.03 kwa dola 36.29, na dola 36.29 haziwezi kufuta tofauti ya dola 64.80.

Kwa hiyo kipimo chako kiwe hiki: toa asilimia ya kadi unayoweza kuitumia popote kwenye asilimia ya kadi inayokuvuta, kisha jiulize kama duka lingine limeshusha bei kwa zaidi ya kiasi hicho. Kwa kadi zako, tofauti ni kama dola 3 kwa kila dola 100. Friji ya dola 1,080 kwenye duka la kadi yako inalingana na friji ya dola 1,047 mahali pengine; ikipatikana chini ya hapo, nenda huko, na ikiwa juu ya hapo, baki ulikozoea. Hesabu ya namna hii mtu anaweza kuifanya kichwani akiwa amesimama dukani, bila karatasi wala simu.

Hata hivyo hukuniambia jambo moja ambalo linaweza kugeuza jibu langu lote, nalo ni gharama ya kuletewa friji nyumbani na kuondolewa ile iliyokufa. Ikiwa duka la kwanza hufanya kazi hiyo bure na la pili linadai dola 30, basi zile dola 28.51 zimekwisha, na wewe ndiye mshindi. Vitu vikubwa vina desturi ya kuficha bei yake katika usafirishaji, ufungaji na mabomba, na mimi sijawahi kumshauri mtu alinganishe bei ya friji au mashine ya kufulia kabla hajaandikiwa jumla ya mwisho, inayoonyesha kila kitu hadi friji iwe imesimama jikoni kwake. Angalia pia masharti ya kadi zenyewe, kwa kuwa baadhi ya kadi za mkopo huongeza mwaka mmoja kwenye dhamana ya mtengenezaji ukilipa kwa kadi hiyo, na kwa friji mwaka huo una thamani. Ama haki ya kupinga malipo, kwa mfano friji isipoletwa au ikaletwa isiyokuwa yenyewe, hiyo imo katika sheria ya Marekani ya mwaka 1974 na inakulinda kwa kadi yoyote ya mkopo, kwa hiyo haiongezi uzito upande wowote.

Kabla ya kuingia kwenye chakula, ninataka tuelewane kuhusu neno zawadi lenyewe, kwa maana nadhani mabishano yenu yanaanzia hapo. Benki huiita zawadi, na neno hilo humfanya mtu aione kama kitu alichopewa kando ya manunuzi, kama kipato kidogo. Kwa hesabu ya nyumbani ni punguzo la bei linalochelewa kufika, na hata mamlaka ya kodi ya Marekani, IRS, kwa kawaida huichukulia hivyo: pesa inayorudi kwa sababu umenunua kitu huhesabiwa kuwa punguzo la bei, wala huilipii kodi ya mapato. Mtindo huu ulipata kujulikana nchi nzima kupitia kadi ya Discover, iliyoanzishwa na kampuni ya maduka ya Sears katikati ya miaka ya 1980. Pesa inatoka kwa mwenye duka. Kila unapolipa kwa kadi ya mkopo, duka hukatwa ada, sehemu kubwa ya ada hiyo huenda kwenye benki iliyokupa kadi, na benki hukurudishia kipande chake. Bunge la Marekani liliamua mwaka 2010 kuwekea kikomo ada ya kadi za kawaida za benki, zile zinazokata moja kwa moja kwenye akaunti, lakini kadi za mkopo ziliachwa huru. Umoja wa Ulaya uliweka kikomo cha asilimia 0.3 kwa kadi za mkopo za watu binafsi mwaka 2015, na ndiyo sababu ndugu aliyeko Ujerumani au Uholanzi atashangaa ukimsimulia habari za kadi ya asilimia 5.

Nimeyaeleza haya kwa sababu yanakupa haki katika jambo moja ambalo huenda shemeji halioni. Ada ya kadi tayari imo ndani ya bei. Wachumi watatu wa Benki ya Hifadhi ya Shirikisho ya Boston, tawi la benki kuu ya Marekani, walikadiria mwaka 2010 kwamba, kwa kuwa maduka mengi huweka bei moja kwa wote, familia inayolipa taslimu huwabebea wanaolipa kwa kadi mzigo wa wastani wa dola 149 kwa mwaka. Mimi naona ni dhuluma, kwa kuwa wanaoubeba mzigo huo mara nyingi ni wale wenye kipato kidogo zaidi, na ningependa sheria iirekebishe. Lakini maadamu duka linatoza bei ileile ukilipa kwa vyovyote, kuacha kadi ya mkopo nyumbani hakukupunguzii hata senti moja. Anayesema zawadi za kadi hazina maana amekosea kama anayezifuata popote zilipo. Mpangilio ndio wenye kutofautisha: tafuta kwanza duka lenye gharama ndogo, na ukishalipata, chagua kadi bora miongoni mwa ulizonazo kwa duka hilo.

Mpangilio ukigeuzwa, yaani kadi ikitangulia na duka likafuata, hasara yake huwa kubwa kuliko zile asilimia, kwa sababu kadi yenyewe hulegeza mkono. Drazen Prelec na Duncan Simester wa chuo cha MIT walichapisha mwaka 2001 matokeo ya mnada wa tiketi za mpira wa kikapu: washiriki walioambiwa watalipa kwa kadi ya mkopo walitaja bei iliyozidi mara mbili ya bei ya walioambiwa watalipa taslimu. Sisemi kwamba nawe unanunua vitu kwa bei maradufu. Ninasema kwamba mtu aliyekwisha kuamua duka kwa ajili ya kadi yake huwa hatafuti tena, na kutafuta ndiko kulikoibua ile bei ya dola 1,020.

Sasa chakula. Kadi yako ya asilimia 6, kwa maelezo uliyotoa, inafanana na Blue Cash Preferred ya American Express, ambayo hurudisha asilimia 6 kwenye supamaketi za Marekani hadi manunuzi ya dola 6,000 kwa mwaka, na baada ya hapo asilimia 1. Tuseme mnatumia dola 500 kwa mwezi, yaani mnaufikia ukomo huo barabara. Kadi itakurudishia dola 360, utoe ada ya dola 95, zinabaki dola 265. Kadi ya asilimia 2, isiyo na ada, ingekurudishia dola 120 kwa manunuzi hayohayo. Faida ya kweli ya kadi ya asilimia 6 ni dola 145 kwa mwaka, na hiyo ni endapo bei za supamaketi hiyo zinalingana na za kwingine. Ukiipeleka hesabu hadi mwisho utaona kwamba kikapu cha dola 500 kikipatikana mahali pengine kwa dola 487, kadi ya asilimia 6 imeshashindwa na ile ya asilimia 2. Dola 13 kwa mwezi! Tofauti ya mafuta ya kupikia, maziwa na kuku kati ya supamaketi moja na nyingine inatosha kuzimaliza, na kwa familia ya watu watano zinaweza kwisha katika safari moja ya dukani.

Tena asilimia 6 hizo hazipatikani kila panapouzwa chakula. Kila duka limesajiliwa kwenye mtandao wa malipo kwa namba ya tarakimu nne inayoonyesha aina ya biashara yake. Supamaketi ni 5411, na maduka ya jumla ya wanachama ni 5300. Benki huangalia namba hiyo, haiangalii ulichoweka kwenye toroli. Mchele ulionunuliwa Walmart au kwenye duka la jumla hauhesabiwi kuwa wa supamaketi kwa kadi hii, na Costco ya Marekani, ambayo ni moja ya maduka hayo ya wanachama, haipokei kabisa kadi za mkopo zisizo za Visa, kama hii ya American Express. Mtu anaweza basi kuacha gunia la mchele la bei nafuu Costco akafuata asilimia 6 kwenye supamaketi ghali, akirudi nyumbani na furaha isiyo na msingi. Duka la bei ya chini kama Aldi kwa kawaida husajiliwa kuwa la vyakula, na hapo bei nzuri na kadi nzuri hukutana. Huko kadi yako ingekuwa na kazi ya kufanya. Njia ya kuhakikisha ni rahisi: nunua kitu kidogo, kisha tazama kwenye taarifa ya mwezi umepewa asilimia ngapi.

Maduka ya watu wetu yanahitaji neno lake. Columbus ina maduka mengi ya Wasomali na Waafrika wengine, na bila shaka ndiko mnakopata nyama ya mbuzi, unga na viungo. Baadhi ya maduka madogo ya namna hii huongeza asilimia 3 ukilipa kwa kadi ya mkopo, au hukataa kadi ya mkopo kwa manunuzi ya chini ya dola 10, jambo ambalo sheria ya mwaka 2010 inaruhusu. Ukiongezewa asilimia 3 ili ulipe kwa kadi ya asilimia 2, umenunua hasara: nyama ya dola 80 inakuwa dola 82.40, na kinachorudi ni dola 1.65. Lipa taslimu. Hata pale ambapo duka halikuongezei kitu, ushauri wangu kwa mwenye duka dogo unayemfahamu ni uleule, kwa kuwa asilimia 2 unazozipata wewe zinakatwa kwenye faida nyembamba ya mtu anayekufungulia mlango usiku wa kuamkia Idi au Krismasi. Huo ni uamuzi wa moyo kuliko wa hesabu, nami sitakulaumu ukiamua vingine.

Kuna kadi nyingine ambazo watu huniuliza, na kipimo chake ni kilekile. Chase Freedom Flex na Discover it hutoa asilimia 5 kwa makundi ya maduka yanayobadilika kila miezi mitatu, na kwa kawaida ukomo ni manunuzi ya dola 1,500 katika miezi hiyo, nawe unatakiwa ujiandikishe kila mara. Ukiujaza ukomo wote unapata dola 75, lakini kadi ya asilimia 2 ingekupa dola 30, kwa hiyo unachofukuzia ni dola 45 katika robo ya mwaka. Zichukue zikikukuta unaponunua siku zote; haziwezi kuwa sababu ya kubadilisha duka. Kuhusu kadi zinazotoa pointi badala ya pesa, zibadilishe kwanza ziwe senti ndipo ulinganishe. Pointi za Membership Rewards za American Express, ukizitumia kupunguza deni la kadi, huhesabiwa senti 0.6 kila moja, hivyo pointi 10,000 ni dola 60 na si dola 100 kama wengi wanavyodhani. Maili za Capital One Venture zina thamani ya senti 1 kwa gharama za safari, lakini ukizigeuza kuwa pesa hushuka hadi nusu senti. Kwa kadi ya namna hiyo “pointi 5 kwa kila dola” inaweza kuwa asilimia 3 au chini ya hapo.

Na lipo sharti ambalo likivunjika, yote niliyoandika juu hayana nguvu. Kwa miaka ya karibuni riba ya wastani ya kadi za mkopo Marekani imekuwa juu ya asilimia 20 kwa mwaka. Friji ya dola 1,101.60 ikibaki kuwa deni kwa mwezi mmoja, kwa riba ya asilimia 21, inazaa kiasi cha dola 19, na zawadi yako nzima ilikuwa dola 22. Mwezi wa pili umeingia hasara. Zaidi ya hayo, ukibakiza deni, manunuzi mapya nayo huanza kutozwa riba tangu siku uliyonunua, pamoja na mkate na maziwa. Hukuniambia kama mnalipa deni lote kila mwezi. Ikiwa friji hii mtailipa kidogokidogo, acha kabisa kufikiria asilimia 5 na asilimia 2, ulizia kama duka linatoa mkopo usio na riba, usome masharti yake hadi mstari wa mwisho, kwa maana mikopo mingine ya aina hiyo hurudisha nyuma riba yote tangu siku ya kwanza ikiwa dola chache tu zimebaki muda ulipokwisha.

Mkiwa mnalipa lote, basi kabla ya Jumamosi fanya hivi. Andika namba kamili ya modeli ya friji, kwa kuwa friji mbili zinazofanana kwa macho huweza kutofautiana herufi moja, na herufi hiyo huenda ndiyo iliyoleta tofauti ya dola 60. Piga simu duka la pili, uhakikishe kwamba wanayo, na uulize jumla ya mwisho pamoja na usafiri. Kisha nenda duka la kwanza ukiwa na bei hiyo kwenye simu yako, uwaombe waifikie. Maduka makubwa kadhaa ya vyombo vya umeme hukubali kuilinganisha bei yao na ya mshindani iwapo modeli ni ileile na mshindani anayo tayari. Wakikubali dola 1,020, mtalipa dola 1,101.60 pamoja na kodi, kadi yako itarudisha dola 55.08, na friji itakuwa imewagharimu dola 1,046.52, ambazo ni dola 33 chini ya bei aliyoipata shemeji. Wakikataa, nunueni kwenye duka la pili, kwa kadi ya asilimia 2.